Nani Anaula Ua wa Bi Nargis

Nyinyi mnaoanza kazi ya bustani na mikasi yenu mipya na glovu zisizo tundu, kaeni niwaambieni habari za woga. Mbolea mtajifunza. Udongo mtaujua kwa kuushika. Lakini mimi, miaka yote niliyotunza bustani za watu hapa London, nimefanya kazi na woga kuliko nilivyofanya na jembe. Nimeogopa mbwa. Nimeogopa ngazi. Nimeogopa jirani anayechungulia dirishani, akamwona mwanamke mweusi mwenye mtandio na mkasi mkubwa kwenye bustani ya mwenzake, akainua simu. Hayo yote yamepita. Woga mmoja haujapita, kwa sababu huo niliupanda mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwenye nyumba ya mtu.

Jina langu Mkasi. Kwetu Pemba ni jina la kawaida la mwanamke, nilipewa la bibi yangu. Fundi wangu wa kwanza, Mzee Jaswant, Kalasinga wa Kisumu aliyekuwa akikaa Wembley, aliposikia jina hilo alicheka mpaka akavua miwani. "Basi wewe huna haja ya kufundishwa," alisema. Kisha akanifundisha miaka tisa.

Yeye ndiye aliyenionyesha thuja. Ni mti wa kijani mwaka mzima, na majani yake ni kama magamba yaliyobanana. Watu wanaupenda kwa sababu ukipanda mstari mmoja, baada ya miaka michache una ukuta wa kujisitiri. Kulungu nao wanaupenda, kwa sababu majira ya baridi hawana kingine cha kijani. Ubaya wa thuja ni mmoja: ukiliwa au ukikatwa mpaka kwenye kuni kavu ya ndani, hauchipui tena. Tundu hubaki tundu.

Mtasema kulungu gani tena, hii si London? Pandeni basi mwende mpaka mwisho wa mji, kaskazini mashariki, kule nyumba zinakopakana na msitu. Wapo wadogo kama paa wa kwetu, wanabweka kama mbwa mgonjwa. Wapo na wakubwa wenye madoa, madume yao yana pembe pana kama makafi. Nimejaribu kila dawa ya kuwafukuza. Niliwahi kuchanganya mayai mabovu na kitunguu thomu, nikapulizia ua mzima wa mteja mmoja asubuhi, kumbe mchana ana wageni wa harusi ya binti yake. Kulungu hawakuja. Wageni nao hawakukaa.

Mzee Jaswant hakuamini dawa. Aliamini vidole. "Ukikuta mti umeharibiwa, gusa kwanza," alikuwa akisema. "Kulungu hana meno ya mbele juu. Anavuta, anararua. Ncha inabaki na nyuzi kama mswaki wa mti. Sungura anakata sawa, kama kisu. Mtu pia anakata sawa. Gusa kwanza, ndiyo ufungue mdomo."

Siku niliyotakiwa kugusa, sikugusa.

Bi Nargis alikuwa mjane, mzaliwa wa Tanga, Mhindi wa Kiislamu aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko wanangu niliowazaa mwenyewe, ambao mpaka leo nikiwasemesha wananijibu kwa Kiingereza. Alikaa peke yake Chingford, nyumba ya mwisho kwenye njia, na nyuma ya bustani yake kulikuwa na kijia, kisha msitu. Kati yake na msitu kulikuwa na ua wa thuja ambao marehemu mumewe aliupanda kwa mkono wake. Nilikwenda kwake kila Jumanne. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kupogoa, nusu ilikuwa kunywa chai na kusikiliza habari za Tanga.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikavu, majani yote yaliungua yakawa rangi ya karatasi. Mwisho wa Septemba nikafika Jumanne moja, nikakuta ua una tundu, katikati kabisa, kuanzia magotini mpaka kifuani pangu. Matawi yamevunjwa. Gome la shina moja limechunwa, mbao nyeupe inaonekana. Chini hapakuwa na alama ya mguu wa chochote, ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Bi Nargis alikuwa amesimama nyuma yangu na shali yake.

"Ni nini hicho, Mkasi?"

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na bustani nyingine saa nane, na basi la kule halingoji mtu. Na majirani walikuwa wameniambia kwamba kulungu hawavuki kijia. Nikatazama lile tundu, urefu wake ni wa mtu aliyeinama, nikasema, bila kugusa hata tawi moja:

"Huyu ni mtu, Bi Nargis. Mtu amevunja apate kuchungulia."

Hakupiga kelele. Alijifunga shali vizuri tu, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Vijana, neno la fundi ni zito. Wewe unasema unakwenda zako, mwenzio analala nalo. Jumanne iliyofuata nilimkuta amehamisha godoro, analala ukumbini karibu na mlango wa mbele, na chini ya mto ameweka kifimbo cha kusukumia chapati. Alikuwa amekonda uso. Akaniambia anamsikia.

"Unamsikia nani?"

"Huyo mtu. Alfajiri nikiamka kusali. Anakoroma nyuma ya ua. Si mnyama, Mkasi. Ni kama mzee aliyelala na kifua kibovu. Anakoroma, ananyamaza, anakoroma."

Alikuwa ameshaita polisi mara mbili. Walikuja na tochi, wakazunguka, hawakuona kitu, wakamwambia kwa upole apumzike. Mara ya pili walimpigia simu mwanawe, Rahim, aliyekuwa akifanya kazi mjini na kuja Jumapili. Rahim hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto aliyechoka. Jumanne ile alikuwa ameacha kazi akaja kwa sababu ya simu ya polisi. Alinivuta pembeni karibu na pipa la taka, akazungumza Kiingereza chake cha haraka.

"Anti, mama anasikia vitu visivyokuwepo. Umeona hilo godoro? Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, ni safi, wana bustani. Akiita polisi mara nyingine, nampeleka. Naogopa siku moja nitamkuta sakafuni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba neno la "mtu" lilitoka kwangu. Nilitazama pipa la taka. Nikamwambia, "Nitaliziba lile tundu."

Nikaliziba kwa neti. Neti nene ya plastiki ya kijani, ya kuzuia mipira, niliyokuwa nayo stoo. Nilipiga nguzo mbili za chuma, moja kila upande wa tundu, nikaifunga neti juu na chini. Ilikuwa alasiri ya Oktoba yenye ukungu, msitu hauonekani, unasikika tu ukidondosha maji. Nilikuwa nimepiga magoti nafunga fundo la mwisho nilipomsikia.

Alikoroma. Upande wa pili wa ua, karibu kiasi kwamba nadhani ningenyoosha mkono ningemgusa. Sauti nzito, ya kifuani, yenye pumzi. Kisha kimya. Kisha harufu ikanijia, kali, ya mkojo na jasho la kiume. Wallahi sikusimama kuuliza. Nilitoka pale mbio, magoti yangu haya, nikaacha na mfuko wangu wa vifaa kwenye majani, sikusimama mpaka kituo cha basi. Sasa hata mimi nilikuwa namwamini huyo mtu niliyemzua.

Jumamosi, baada tu ya sala ya alfajiri, simu yangu ililia. Mimi nakaa Barking. Alikuwa Bi Nargis, ananong'ona.

"Mkasi, yule mtu anakufa."

"Anakufa vipi?"

"Anapiga teke, anakokota pumzi. Kama amekabwa. Yuko pale kwenye neti yako."

"Usitoke. Piga simu polisi."

"Nikiwapigia polisi Rahim atanipeleka. Ameshanambia."

"Basi usitoke. Kaa ndani, naja. Bi Nargis, unanisikia? Usitoke."

Mtaniuliza kwa nini mimi sikupiga hiyo simu. Nimejiuliza swali hilo hilo mara nyingi. Nilisema moyoni kwamba namlinda asipelekwe. Ukweli wenyewe, niliogopa polisi wakifika wakute maiti ya mtu kwenye neti niliyoifunga mimi.

Mabasi mawili. Sikumbuki abiria, sikumbuki dereva. Nakumbuka nilikuwa nasoma aya moja tu na kuikosea, narudia mwanzo. Nilimpigia tena njiani, simu ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikalia. Basi la pili lilisimama kila kituo, na kila kituo mtu alikuwa anatafuta kadi yake mfukoni.

Nilifika mwanga unaanza. Geti la pembeni lilikuwa wazi. Nikaingia hatua mbili, nikaona.

Dume la kulungu, kubwa, madoa yake yameloa tope. Pembe zote mbili zilikuwa zimejiviringisha ndani ya neti yangu, amevunja mafundo ya nguzo moja, nyingine ameing'oa ardhini naye anaiburuta. Povu mdomoni. Alikuwa anakoroma, sauti ile ile, ila sasa inakatika katika. Na Bi Nargis alikuwa chini kwenye majani, na kanzu yake ya kusalia. Kipande cha neti kilikuwa kimemkamata kwenye kifundo cha mguu. Kila mara lile dume liliporuka kujinasua, lilimvuta. Anakwenda nalo kama zulia. Kisha linasimama kupumua, naye anasimama. Hakuwa analia. Mkono mmoja ameukumbatia kifuani, mwingine ameshika majani, na majani yanang'oka.

Sasa nawaambieni jambo ambalo sikumwambia Rahim wala ambulensi. Mimi nilisimama. Nilishika geti nikasimama. Niliona dume likimvuta mara moja, nikaona mara ya pili, na mimi nimesimama. Nilikuwa nazitazama zile pembe na akili yangu inaniambia kitu kimoja tu, kwamba geti liko wazi nyuma yangu.

Sijui nilisimama muda gani. Mara ya tatu ndipo nilipouona mfuko wangu wa vifaa, pale pale nilipoutupa Jumanne. Sikuamua kitu. Nilikwenda kwa magoti na mikono mpaka kwenye mfuko, nikatoa mkasi wa kupogolea, nikatambaa mpaka katikati yao, pale neti iliponyooka kati ya mguu wake na zile pembe. Nikaanza kukata. Neti ile haikatiki kirahisi, ni uzi mmoja mmoja. Dume liliponiona karibu likainamisha kichwa likaja. Nguzo liliyokuwa likiiburuta ikajikita kwenye shina la thuja, ikalizuia kwa urefu wa mkono. Ncha ya pembe ilinipita hapa, juu ya kiwiko, alama mnaiona. Niliona jicho lake. Jeupe pembeni. Lilikuwa linaogopa kuliko mimi, na sikudhani hilo linawezekana.

Uzi wa mwisho ulipokatika, lilianguka kwa nyuma, likainuka, likapita katikati ya ua wa marehemu likiwa na nusu ya neti pembeni mwa uso, nguzo imebaki. Tulisikia matawi yakivunjika mpaka ndani ya msitu. Kisha hatukusikia kitu.

"Kumbe ni mnyama," Bi Nargis alisema.

Nikapiga simu ya ambulensi.

Mkono wa Bi Nargis ulivunjika karibu na kiganja. Nyonga, Mungu alisitiri. Rahim alikuja hospitali amevaa viatu visivyofanana. Alimbusu mama yake, akatoka nje kwenye ukumbi nilikokaa, akauliza, "Nani aliweka neti pale?"

Safari hii hapakuwa na pipa la taka la kutazama.

"Mimi," nikasema. "Na aliyemwambia kwamba ni mtu, ni mimi pia. Hakuzua. Alisikia alichosikia. Mimi ndiye niliyekipa jina, tena bila kuangalia."

Alikaa kiti cha pili kutoka changu. Alikuwa na bahasha ya ile nyumba ya wazee mfukoni, nembo inaonekana. Nilingoja anitukane, nilishajiandaa. Alisema tu, kwa Kiswahili chake kibovu, "Mimi aliniambia mara ngapi? Mimi nasema, mama, lala." Akafunika uso. Sikumgusa, sikujua kama nina haki.

Watu wa kuokoa wanyama walilitafuta lile dume siku mbili. Hawakulipata. Mmoja wao aliniambia nisihuzunike sana, kwamba pembe huanguka zenyewe majira ya machipuko yakifika, na neti ikiwa imeshika pembe tu, itaanguka nazo. Kama limeweza kula mpaka hapo. Hilo la mwisho alilisema pole pole. Tangu hapo sijafunga neti iliyolegea mahali popote, na nyinyi msifunge. Ikiwa lazima mzuie kulungu, wekeni seng'enge ya waya iliyokazwa, ndefu kuliko mtu mrefu, isiyoyumba. Kitu kinachoyumba kinanasa.

Mzee Jaswant alikuwa ameshaacha kazi, lakini alikuja kutoka Wembley na fimbo yake kuuona ua. Alisimama mbele ya lile tundu. Akavua glovu. Akapitisha kidole kwenye ncha moja, ya pili, ya tatu. Mimi nikapitisha changu nyuma yake. Zote zilikuwa na nyuzi. Gome lililochunwa, akanionyesha, si kisu, ni dume linasugua pembe wakati wa kutafuta majike, na mkoromo ule ni wimbo wake wa mwezi huo tu. Yote yalikuwa yameandikwa pale kwenye mti tangu Jumanne ile ya kwanza. Hakunikaripia. Alivaa glovu zake akasema, "Chai iko?" Ningependa angenikaripia.

Tulipanda upya majira ya machipuko. Mkiulizwa thuja gani haitafunwi, jibuni kweli: hakuna. Kulungu mwenye njaa anakula hata asichokipenda. Lakini ule mwembamba unaouzwa kila duka ndio utamu wao. Upo mwingine, mkubwa, ukisaga jani lake vidoleni linanuka kama nanasi. Huo huwa hawaufuati sana, ukishakuwa mkubwa. Ukiwa mchanga hata huo wataujaribu, kwa hiyo uzungushieni waya miaka yake ya mwanzo. Mtu yeyote anayewauzia mti na kuwaapia kwamba hauliwi, muulizeni kama na kulungu wameapa.

Rahim alichimba mashimo Jumapili mbili mfululizo, hodari kuliko nilivyomdhania. Bahasha ile sikuiona tena. Jumanne iliyofuata nilikuwa namwagilia, Bi Nargis amesimama pembeni yangu, mkono wake ulioungwa bado mwembamba kuliko mwenziwe. Nikaona kama sisemi leo sitasema.

"Bi Nargis, siku ile sikuingia mara moja. Nilifika nikasimama getini. Nilikuona unavutwa, na nilisimama."

"Nilikuona," alisema.

Mpira wa maji ulikuwa unamwaga pahali pamoja, nikausogeza.

"Nilikuona tangu ulipofika. Nilitaka kukuita, sauti ikakataa. Nikasema, huyu ataondoka."

"Na ningeondoka, ungenilaumu?"

"Ningekulaumu sana," alisema. "Lakini mimi ningeondoka."

"Wewe? Wewe ulitoka nje alfajiri kwa mtu usiyemjua, anakufa!"

"Nilitoka kwa sababu sikumwona, Mkasi. Nilisikia tu. Lau ningemwona, nisingetoka. Wewe ulimwona."

Nyuma ya waya tuliozungushia miti mipya, ndani ya msitu, kitu kilibweka mara moja. Kikavu, kama kikohozi cha mtu. Nilijua ni nini. Yeye pia alijua. Kikabweka tena, karibu zaidi. Akapitisha mkono wake uliovunjika kwapani mwangu, akaushika mkono wangu. Maji yakawa yanamwagika miguuni mwetu. Tukasimama hivyo hivyo, macho kwenye miti, mpaka kikaenda zake.